Safari ya Ivuna na Vyombo vya Marehemu

“Mama, gari si langu. Waulize wenye gari.” Ndivyo Sadoki alivyomjibu mama yake, Bibi Atuganile, bila hata kuinua macho, naye bibi akairudia kauli hiyo mbele ya benchi zima huku anamimina kahawa, ili kila mtu aionje uchungu wake. Benchi lenyewe liko Mpemba, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Kahawa ni ya bibi, kaileta kutoka kwa ndugu zake wa Iyula, kaikaanga na kuitwanga mwenyewe. Kesi ya siku hiyo ilikuwa moja. Kesho alfajiri mwanawe mdogo, Fanueli, anapeleka gari lake, ile Noah, Ivuna kumchukua Brenda, binti wa huyo huyo Sadoki. Brenda ana mimba kubwa, nesi kasema mtoto kakaa vibaya, afikishwe hospitali Vwawa kabla mvua hazijafunga barabara. Sasa garini wabebe nini, wasije wakalala njiani?

— Maji, alisema Dizeli, utingo mstaafu. Dumu la rejeta, dumu la watu. Na sabuni ya mche.

— Ya kuogea porini?

— Ya kuziba tangi, we Mzambia! Jiwe likitoboa tangi unakanda sabuni, unabandika, mnaendelea.

Huyo Mzambia ni wa hapa hapa, jina lake Moses. Anauza soda ng'ambo, basi akirudi anajifanya mgeni.

— Bamayo, alimwambia bibi, akimwita mama kwa lugha ya ng'ambo, kule kwetu polisi wanataka pembetatu na mtungi wa kuzimia moto.

— Pembetatu zinaibwa, Dizeli akadakia. Beba matawi. Gari likizima unayatandaza nyuma, wenzako wanaona.

— Si utayakata huko huko?

— Ukute mbuga tupu? Kata hapa, nenda nayo. Tena mabichi. Makavu wamama watayaokota kuni wewe bado uko chini ya gari.

Bibi Atuganile alisikiliza nusu nusu. Kikapu chake alishakifunga: kanga safi, wembe mpya, glovu, tochi, chupa ya uji. Hivyo ni vya mjukuu. Lililomkaba ni la gari, maana alijua kinachokosekana. Sadoki naye alijua. Alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi.

— Kamba ndefu, Mzambia akaendelea. Ivuna ng'ombe kibao, mkikwama mnavutwa.

— Bila nira watavuta kwa meno? Bebeni na nira.

— Nira kwenye Noah, mzee?

— Juu, kwenye keria. Na jogoo.

— Jogoo wa nini tena?

— Wa kumpa mwenye ng'ombe! Unamtoa mtu shambani kwake halafu unampa asante?

— Basi bebeni na ng'ombe wenyewe, tumalize!

Benchi likacheka. Sadoki hakucheka.

— Na mwanangu mtampakia wapi? aliuliza.

Hapo ndipo akafika Nesta, mke wa Fanueli, kaolewa juzi tu kutoka Ibaba. Alikuja na chupa kuchukua kahawa ya safari. Akapiga goti kidogo, akasalimia.

— Samahani mama, samahani shemeji. Leo nimelifagia lile buti. Spea nimeiona. Jeki sijaiona, wala spana ya kufungulia tairi. Gari letu huwa linainuliwa na nini?

Dizeli akageuka kutazama malori. Mzambia akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Wote walijua. Mzee Clement, mume wa bibi, alipofariki, ukoo ulikaa, wakasema: Fanueli achukue gari, Sadoki, kama mkubwa, achukue vyombo vya marehemu. Walimaanisha sufuria, majembe, na redio. Sadoki akawauliza, polisi wanaliitaje gari? Si chombo cha moto? Basi nalo ni chombo, ni langu! Wakamkatalia. Ndipo akaenda kwenye buti akachukua vyombo anavyoweza kubeba, jeki na spana. Viko chini ya kitanda chake mpaka leo, na ndugu hao salamu zao hupitia kwa watoto. Fanueli akipata pancha mjini huazima kwa madereva. Njia ya Ivuna utamwazima nani?

Bibi akalitikisa birika. Tope la chini tu.

— Kahawa imeisha, alisema. Ila mwenzenu kauliza.

Sadoki akaweka kikombe chini.

— Ile jeki ni chombo changu. Nilipewa na wazee.

— Ni chako, mwanangu. Nani kabisha?

— Simpelekei. Aje aombe.

— Akija utampa?

— Akija nitaibeba mwenyewe. Vyombo vyangu haviendi Ivuna bila mimi.

Bibi Atuganile hakumngoja abadili mawazo. Akamnyang'anya Nesta ile chupa, akamshika mkono.

— Umesikia kwa masikio yako, mwanangu. Kahawa achana nayo. Kimbia kamwambie mumeo kaka yake anamngoja, aje sasa hivi, aseme, “Kaka, naomba chombo chako.” Asiseme jeki, jamani. Mwambie aseme chombo.