Vifungo Kumi na Viwili vya Malkia wa Njano

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta, kati ya duka la Fundi cherehani na kibanda cha Kinyozi. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeutilia kipande cha tofali, na anayekaa upande huo hujifunza kunywa kahawa bila kutikisika. Kahawa ni yangu. Naja saa tisa alasiri na birika na vikombe kumi, naondoka birika likikauka, na katikati hapo nasikia upuuzi wa kujaza gunia. Wenyewe ni hawa: Kinyozi, Redio, aliyekuwa fundi wa redio mpaka watu wakaacha kuzileta, na Posta, aliyesambaza barua za watu miaka thelathini na sasa hapokei hata moja. Fundi hakai benchini. Yeye yuko mlangoni kwake na cherehani yake, mgongo kwetu, masikio kwetu. Ni shemeji yangu. Amemuoa dada yangu, na dada yangu yuko mbali, huu mwaka wa saba.

Siku hiyo Kinyozi ndiye aliyeanza.

Kinyozi: Nimewaza tangu asubuhi. Miaka thelathini hii hakuna mtu maarufu aliyebadilisha watu kama yule mshambuliaji wa viatu vyekundu.

Redio: Alibadilisha nini zaidi ya timu?

Kinyozi: Vichwa. Alipotokea na ule mstari juu ya sikio, wiki ileile nilichora mistari mia moja na ishirini. Hata karani wa mahakama alikuja, akapitia mlango wa nyuma.

Posta: Nywele zinaota, bwana. Ushawishi gani huo wa wiki tatu?

Kinyozi: Sikiliza kwanza. Watoto waliokuwa wanalia wakiona mashine, siku hizi wanapanga foleni wenyewe. Mtoto asiyeogopa mashine haogopi daktari. Asiyeogopa daktari anatibiwa mapema. Kwa hiyo yule mtu amepunguza magonjwa.

Redio: Haya, mmemsikia. Sasa msikilizeni mwenye hoja. Ni yule mwigizaji wa mateke. Kabla yake milango ilikuwa laini, unaisukuma kwa kiwiko. Zikaja filamu zake, kila kijana akajaribu teke kwao. Maseremala wakaona hasara, wakatengeneza milango mizito, mwisho ikaja ya chuma. Na ukiwa nyuma ya mlango wa chuma, jirani akikuita humsikii. Niambieni sasa, nani ameua ujirani?

Mimi: Uliua wewe, na makelele ya zile redio zako.

Redio: Wewe mimina kahawa, haya mazito tuachie.

Posta: Nyote mnaongelea wazee. Mimi nasema yule binti anayecheza jikoni kwake, kwenye simu. Mjukuu wangu, mke wangu, na muuguzi aliyenipima presha juzi, wote wanazungusha bega vilevile. Zamani mtu akimkumbuka mwenzake alikaa chini, akaandika kurasa mbili, mimi nikazipeleka. Siku hizi anamtupia bega. Yule binti ndiye aliyenistaafisha.

Kinyozi: Wewe ulistaafu akiwa darasa la pili.

Posta: Alikuwa anajiandaa.

Hapo ndipo cherehani iliponyamaza. Fundi hakugeuka, alisema tu akiwa ameinama kwenye kitambaa.

Fundi: Malkia wa Njano.

Benchi zima likatazama vikombe. Mbele ya Fundi, kwenye msumari wa ukutani, lilikuwa linaning'inia gauni la njano. Wiki ya tatu hiyo. Kila mmoja wetu alikuwa ameliona, na kila mmoja alikuwa amejitafutia kitu kingine cha kutazama.

Kwa ambao hamkuwepo, Malkia wa Njano ni mwimbaji wa ujana wetu. Kanda yake moja ilikuwa na picha juu ya kasha: kasimama, mikono kiunoni, gauni la njano limemkaa kama alizaliwa nalo. Hakuna mwanamke mtaani aliyelala kwa amani mpaka apate lile gauni. Wakamletea Fundi makasha ya kanda, naye akakata kwa macho, bila kukosea hata mkunjo mmoja. Shida ni kwamba picha ilikuwa ya mbele tu. Mgongo hakuna aliyewahi kuuona. Fundi akaubuni mwenyewe: vifungo kumi na viwili vilivyovikwa kitambaa, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Gauni la namna hiyo mtu hawezi kujifunga peke yake. Alishona arobaini na matatu, na la kwanza kabisa alimshonea dada yangu.

Baadaye ikaletwa video yake kwenye ukumbi wa mikutano, nasi wanawake tukaenda, wote njano tupu. Malkia akaimba, akapendeza, kisha akageuka kuwatazama wapiga ngoma wake. Mgongoni ilikuwa zipu. Zipu moja, ndefu, basi. Tukatazamana migongo, halafu tukamtazama Fundi aliyesimama mlangoni.

Kinyozi: Siku ile ulikimbia.

Fundi: Nilitembea haraka.

Redio: Sasa huo ndio ushawishi wa Malkia? Hilo si kosa lako mwenyewe?

Fundi: Nani alirudisha gauni? Hakuna hata mmoja. Wewe Redio, Jumamosi ulikuwa unafunga duka saa ngapi?

Redio: Saa kumi na moja.

Fundi: Kwa nini?

Redio akakizungusha kikombe chake kitupu.

Redio: Mke wangu alikuwa hawezi kujifunga.

Fundi: Posta?

Posta: Mimi kile cha saba kilikuwa kinanitesa. Kitanzi chake ulikibana mno.

Fundi: Hao wenu wote wamewatoa watu nyumbani. Malkia aliwarudisha. Unasimama nyuma ya mtu, vifungo kumi na viwili, huwezi kufanya haraka hata ukitaka. Mnaongea. Mambo yote ya nyumba yangu niliyaongea nikiwa natazama shingo ya mke wangu.

Nikamkumbuka dada yangu ghafla. Nilikuwa naishi nao miaka ile. Kila Jumamosi nilimsikia akiita kutoka chumbani, "Njoo unifunge," na Fundi anaacha sahani yake mezani, chakula kinapoa. Kisha mnong'ono mrefu, kisha wanacheka. Mimi nilikuwa nakasirika, maana vyombo vilinisubiri mimi.

Aliondoka kwa miaka miwili tu, kwenda kumtunza bibi kizee mmoja katika nyumba ya watu, nchi ya watu. Kumwogesha, kumlisha, kumvalisha. Miwili ikawa minne. Sasa ni saba, na Jumapili akipiga simu hatuulizi tena anarudi lini, tunauliza kama huko kuna baridi. Wiki tatu zilizopita binti mmoja anayefanya kazi nchi ileile alikuja likizo, akaleta mzigo kwa Fundi. Gauni lilikuwa limekunjwa vizuri, na karatasi imebanwa kwa pini: "Toa vifungo, weka zipu." Fundi aliniletea ile karatasi, akaniuliza, "Shemeji, huu ni mwandiko wa dada yako?" Mume anaujua mwandiko wa mke wake. Nikamjibu tu kwamba ni wake. Zipu kwake ni kazi ya nusu saa. Lakini ukiitia, maana yake umekubali kwamba aliyekuwa anafungwa hayuko njiani.

Alasiri hiyo, kabla Kinyozi hajajibu, yule binti aliyeleta mzigo akatokea.

Binti: Shikamooni wazee wangu.

Wakaitikia kwa pamoja. Nikampa kahawa, akakaa upande wa mguu mfupi bila kujua.

Binti: Fundi, nasafiri kesho asubuhi. Gauni la mama limekuwa tayari?

Fundi akalitazama gauni kama mtu aliyeulizwa habari za mgonjwa. Redio, Mungu ambariki, akajaribu kuokoa jahazi.

Redio: Binti, hebu tuamulie. Kati ya mtu wa mateke na mtu wa viatu vyekundu, nani ameibadilisha dunia?

Binti: Mimi siwajui hao.

Fundi: Huko analivaaje?

Binti: Anafunga vya chini kwanza, halafu analipitishia kichwani. Vya juu anaviacha wazi, anavaa sweta. Mwezi uliopita tulialikwa harusi, ukumbini kukawa na joto, watu wote wakavua masweta. Yeye akasema hasikii joto. Jasho linamtiririka.

Fundi akanyanyuka, akalitoa gauni msumarini, akachukua wembe.

Hakuna aliyenyamaza kama unavyodhani. Waliongea kuliko siku zote, ili tusimsikie. Kinyozi akasema mshambuliaji wake ndiye sababu vita fulani vilikwisha, wanajeshi walitaka kwenda kunyoa. Redio akasema bila mtu wa mateke watu wasingejua kwenda mwezini, maana roketi ni teke tu. Posta akamsingizia binti wa jikoni kuchelewa kwa mvua. Hakuna aliyecheka, na vifungo vikawa vinadondoka kimoja kimoja kwenye kifuniko cha kopo. Nilivihesabu, sikuweza kujizuia. Kumi na kimoja. Halafu cherehani ikaunguruma mfululizo.

Fundi akatoka na gauni mikononi. Zipu ilikuwa imenyooka kutoka kiunoni mpaka shingoni, safi, na kwenye kishikio chake alikuwa amefunga uzi mrefu wa njano ili mtu aweze kuivuta mwenyewe. Kazi mbovu haijui yule mtu. Lakini katikati ya mabega, juu ya zipu, alikuwa ameacha kifungo kimoja upande huu na kitanzi chake upande ule. Binti akalikunjua, akakiona.

Binti: Umesahau kimoja.

Fundi: Sijasahau.

Binti akajaribu mgongoni kwake mwenyewe. Mkono mmoja akaupitisha juu ya bega, mwingine akaupitisha kiunoni kwa nyuma, vidole vikatafutana na havikukutana.

Binti: Lakini mimi nakaa mbali naye, saa mbili kwa treni. Hiki nani atamfungia?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Posta, na Posta akatazama barabarani, upande alioondokea dada yangu na sanduku lake. Fundi alikuwa anavitia vile kumi na kimoja kwenye mfuko wa shati lake. Nikainua birika nimwongezee binti kahawa, nikaliinamisha, nikaliinamisha zaidi, na halikutoa kitu.