Mwalimu Sim Poh Gek wa Shule Mbili

Wazee wa bodi mliokaa mstari wa mbele, walimu, majirani, na ninyi wanafunzi mliosimama juani na sare zenu nyeupe, familia inawaomba utulivu, kwa maana mengine tutakayosoma hapa mnayajua miaka yote, ila hamjawahi kuyasikia yakisemwa kwa sauti.

Marehemu Sim Poh Gek alizaliwa tarehe 11 Machi 1936, hapa hapa Parit Senduk, jimbo la Johor, akiwa mtoto wa tatu wa mgema utomvu wa mpira na mkewe. Alianza darasa la kwanza mwaka 1946, vita vilipokwisha, akiwa tayari na miaka kumi, akaendelea na masomo ya sekondari katika Shule ya Kheng Tek, na mwezi Januari 1957 akarudi shuleni hapo kufundisha hesabu. Waliosoma kwake wanakumbuka kwamba hakuwa na mzaha, nywele zikigusa kola unarudishwa nyumbani, na darasa lisilofagiliwa na wanafunzi wenyewe hakuingia, alisimama mlangoni na chaki yake mpaka ufagio upatikane.

Tarehe 9 Novemba 1958 alifunga ndoa na Mzee Khoo Beng Swee, mwenye duka la kahawa karibu na soko, wakajaliwa watoto wawili, Siok Im mwaka 1960 na Kim Leong mwaka 1964. Mzee, ambaye leo ana miaka tisini na mmoja na amekaa pale kando ya jeneza, alipendwa na wateja kwa mambo mawili, kahawa yake ya maziwa ya kopo, na mdomo wake usiokuwa na komeo.

Sasa tunafika pagumu. Ilipokuja ile sheria ya elimu, shule za Kichina zilitakiwa kuchagua, ama zipokee ruzuku ya serikali na kubadili lugha ya kufundishia, ama zijitegemee, na Kheng Tek, kama mnavyojua, ilichagua yote mawili. Kuanzia mwaka 1962, asubuhi ilikuwa shule ya serikali, na mchana, kwa madawati yaleyale, ikawa shule ya kujitegemea chini ya Mwalimu Mkuu Wee Kok Seng. Marehemu alifundisha asubuhi na mchana pia, na hapo ndipo macho yalipoanza kumfuata, asubuhi wakimwona mtu wa mchana, mchana wakimwona mtu wa asubuhi.

Tarehe 2 Agosti 1963, ofisi ya elimu ilimfutia Mwalimu Wee kibali cha kufundisha, kwa sababu maktaba yake ilikuwa na vitabu visivyoruhusiwa. Mji mzima uliuliza swali moja tu, nani amesema? Na mji mzima ulikuwa na jibu kabla swali halijapoa. Mwalimu Pang Yew Choon, leo mwenyekiti wetu wa bodi, alikihamisha kikombe chake cha chai kutoka meza ya marehemu kwenda nyingine, akasema walimu wote wakisikia, "Chai yangu naipenda bila masikio." Sokoni, muuza samaki Bi Ah Ngoh alimfungia marehemu mzigo wake akamwambia, "Chukua, Mwalimu. Nimempasua mwenyewe, hana kinasa sauti tumboni." Watu wakacheka. Marehemu alichukua samaki wake akaenda zake.

Januari 1964 aliiacha kazi ya asubuhi, yenye mshahara wa uhakika, akahamia mchana moja kwa moja, akidhani hilo litawanyamazisha. Wapi! Walisema ametumwa asogee karibu. Ndivyo shaka ilivyo, ukikaa una neno, ukiondoka una neno. Shule ilipopata eneo lake mwaka 1971, wauza tambi na vinyozi wakitoa mapato ya siku nzima ili madarasa yainuke, yeye alibeba matofali pamoja na wanafunzi, na bado alipopita, mazungumzo yalikatika. Mwalimu Wee, aliyeishia kulima mananasi, alifariki mwaka 1979 bila kumsalimu hata siku moja. Marehemu alifundisha hadi mwaka 1996, akawapeleka wanafunzi wengi kwenye mtihani wa pamoja wa shule zetu za kujitegemea, na siku anastaafu alipewa saa ya ukutani na hotuba fupi sana.

Wengi mmejiuliza kwa nini hakujitetea. Familia nayo ilijiuliza, tena, tuseme ukweli, wengine tuliacha kuuliza kwa kuogopa jibu.

Jibu limepatikana tarehe 20 Aprili mwaka huu wa 2024, hospitalini, figo zilipokwisha kumshinda. Siok Im alikuwa akimenya chungwa, Mzee Khoo ameshika mkono wa mkewe, mara akasema, "Mama Siok Im, usiende na mzigo. Lile la Mwalimu Wee, mimi nilishakusamehe zamani."

Marehemu akafumbua macho. "Unisamehe mimi? Mimi ndiye niliyekusamehe wewe!"

"Mimi nimefanya nini?"

"Karani wa ofisi ya elimu alikunywa kahawa kwako kila asubuhi, na mdomo wako naujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusimulia habari za maktaba. Ningejitetea vipi, nikutaje wewe, wakuvunjie duka?"

"We mwanamke! Ulipoacha kunisimulia habari za shule, nikajua ni wewe, umeona haya. Ndiyo maana sijawahi kuuliza!"

Walitazamana. Ndipo Mzee akaanza kukumbuka sherehe ya miaka thelathini ya shule, tarehe 14 Julai 1963, kahawa ya wageni ikiwa imetoka dukani kwake na yeye mwenyewe akiigawa kwa sinia. Wazee, mnajua sherehe zetu, lazima mgeni rasmi aonyeshwe kila tulicho nacho, hata masufuria ya jikoni. Mzee alimwona kwa macho yake Mwalimu Wee akimshika mkaguzi wa elimu kiwiko, akimpitisha mbele ya kabati la maktaba lenye vitabu vilevile na kusema, "Tazama bwana, watoto wetu wanasoma hata hivi!" Nanyi mlikuwepo. Mlipiga makofi.

Siok Im anasema wazazi wake walicheka mpaka muuguzi akaja, kisha mama akalia, akasema, "Miaka sitini, Mzee. Tumekula wali meza moja miaka sitini, tukichunguzana kama wezi."

Marehemu Sim Poh Gek alifariki tarehe 17 Mei 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 88, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika uji wa waombolezaji siku zote hizi, na walimu wenzake. Inaishukuru bodi kwa shada kubwa lililopo mlangoni, ingawa tumelizunguka kulikagua mara mbili kabla ya kulipokea, mtusamehe, tabia hiyo tumeipata kwenu. Bodi imeomba pia jina la marehemu liandikwe juu ya mlango wa darasa jipya. Mzee Khoo anajibu kwamba jina si haba, lakini kwanza Mwenyekiti Pang asimame aseme mbele ya wanafunzi hawa kwamba Mwalimu Sim hakumchongea mtu. Tutasubiri.

Ahsante, Mwenyekiti. Sote tumesikia, na Mzee naye amesikia.

Pumzika, Mwalimu. Mumeo anasema atakuja taratibu, umwekee kiti, anakudai habari za shule za miaka sitini na hajapata wa kumsimulia.