Mkanda wa Kiatu

Daladala letu lilikuwa halijafika Kerege, na mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshahojiwa na jirani yake kuliko shahidi wa mahakamani. Binti yake, aliyepooza mkono mmoja, alikuwa anahangaika kufunga mkanda wa kiatu chake.

"Mfunge, mwanangu," alisema bibi aliyekaa pembeni yao. "Unamtesa mtoto."

"Namfundisha, bibi. Shuleni walinionyesha. Siku hizi anatawadha mwenyewe."

"Na maji yasipoenea?"

"Anarudia."

Bibi aliguna. "Mie binti yangu Hanadi alizaliwa hivyohivyo. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamvisha. Hakuna aliyesema simpendi."

"Hakuna, bibi. Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani." Bibi akatengeneza mtandio wake, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. "Mtu mzima sasa. Ananisubiri nirudi nimlishe."

Hata mimi, ambaye nilikuwa najifanya nasoma simu, niliacha kujifanya.

Gari likasimama Kerege. Konda akagonga bodi na kuhimiza washukao, mama na bintiye wakiwamo. Mkanda ulikuwa bado haujafungwa. Mama akafumbata mikono yake mapajani, akangoja. Aliyeinama kuufunga alikuwa bibi.

Mtoto akauvuta mguu wake, kwa adabu, akaendelea kufunga mwenyewe.