Bi. Tsua Guat-khim, Aliyeimba Mbele ya Majeneza (1951–2023)

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka mbali, hata Kaohsiung, mkaacha kazi zenu: familia ya Tsua na familia ya Khu zinawashukuru. Sisi wapwa wa marehemu, tuliomwita Shangazi, tumeambiwa tusome kwa ufupi. Marehemu mwenyewe kufupisha alikuwa hajui, ukimwomba wimbo mmoja alikupa mitatu, lakini tutajitahidi.

Bi. Tsua Guat-khim alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 hapa Budai, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Tsua Thian-su, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, na Bi. Ang Puan. Kaka yake, Bing-tong, alimtangulia kwa miaka minne. Mama yao alizoea kusimulia kwamba siku Guat-khim alipozaliwa alilia kwa sauti kubwa mpaka wavuna chumvi wa ng'ambo ya mfereji wakatupa reki zao na kukimbia, wakidhani ni king'ora cha dhoruba. Huenda mama alitia chumvi. Budai chumvi haijawahi kukosekana.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mjini kuanzia mwaka 1957 hadi 1963. Nyakati hizo shuleni iliruhusiwa lugha ya Kimandarini peke yake, na mtoto aliyekutwa akisema Kitaiwani, lugha tunayozungumza majumbani, alivishwa kibao shingoni akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Guat-khim alikivaa kibao hicho kuliko mtoto yeyote wa darasa lake, kwa sababu alikuwa hawezi kufanya hesabu bila kuimba, na nyimbo alizozijua zote zilikuwa za nyumbani. Bing-tong hakukivaa hata siku moja. Guat-khim alipomaliza darasa la sita, wazazi waliweza kusomesha mtoto mmoja tu. Bing-tong akaenda chuo cha ualimu, Guat-khim akaenda kupasua chaza.

Mahali pa kupasulia chaza palikuwa mkabala na duka lenye redio, na hapo ndipo alipopatia elimu yake ya pili. Stesheni zetu za siku hizo ziliishi kwa kuuza dawa: mtangazaji anapiga wimbo, anasifia dawa ya figo, anapiga wimbo mwingine, anasifia dawa ya tumbo. Wenye umri wa marehemu wanajua ni nyimbo gani. Mwaka 1970 na 1971 zilitoka mfululizo mpaka watu wakakosa muda wa kuzichoka. Palikuwa na "Koti la Kuazima", ya kijana anayekwenda kutafuta kazi mjini na koti alilovaa si lake. Palikuwa na "Pita Polepole", ya mama anayemwomba mwanawe anayehama apite taratibu mbele ya dirisha ili amtazame vizuri. Na "Chai Imepoa", ambayo kila mtu alidai inamhusu jirani yake. Vijana wote walikuwa wanaondoka kwenda viwandani Kaohsiung, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu wa kumwimbia. Serikali haikupenda nyimbo za lugha yetu ziwe nyingi hewani, lakini mkono wake haukufika mazishini. Huko zilipigwa asubuhi mpaka jioni na zile bendi za matarumbeta zinazotangulia jeneza, ambazo watu waliziita si-so-mi kwa noti zake tatu.

Novemba 1971 bendi moja ya si-so-mi ya Yizhu ilikosa mwimbaji. Kiongozi wake, Bwana Khu Ban-seng, mpiga tarumbeta, alikuwa amemsikia yule binti wa chaza akiimba sokoni, akaja kumwomba. Mazishi ya kwanza aliyoimba yalikuwa ya Mzee Ko, mfuga samaki, tarehe 14 mwezi huo. Familia iliomba "Koti la Kuazima". Guat-khim akaimba ubeti wa kwanza, waombolezaji wakalia. Akaimba wa pili, wakazidi. Tarumbeta likapiga kile kipande chake cha katikati, na hapo Guat-khim akanyanyua uso na kuimba kwa huzuni kubwa, mbele ya jeneza:

"Tumbo likikusumbua, usingoje kesho, vijiko viwili tu, utalala fofofo!"

Bwana Khu alishusha tarumbeta.

"Dada, huo ubeti umeutoa wapi?"

"Redioni."

"Huo si ubeti! Hilo ni tangazo la dawa!"

"Sasa mbona lina vina?"

Ukweli ni kwamba yule mtangazaji alizoea kuchomekea dawa yake hapo hapo katikati, juu ya gitaa, kwa mapigo yale yale, na Guat-khim alikuwa hajawahi kuusikia wimbo huo mahali pengine popote. Angejuaje? Watoto wa Mzee Ko walikuwa wamekwishakunja ngumi. Aliyeokoa jahazi ni mjane mwenyewe. Bi. Ko aliinua kitambaa cha msiba usoni, akamtazama binti yule, kisha akaangua kicheko.

"Mwacheni! Dawa hiyo mzee wangu aliimaliza chupa nzima. Si mnaona alivyolala? Haya binti, imba tena, na dawa yake usiiache."

Basi aliimba tena, na dawa hakuiacha. Kabla mwezi haujaisha watu wa Yanshui, Xuejia na Puzi walikuwa wanamtafuta "yule binti wa dawa". Tangu siku hiyo hadi alipostaafu mwaka 2011 alifanya kazi hiyo moja. Aliimba juani kiangazi, akaimba kwenye tope la tufani, akaimba akiwa na mimba zote mbili. Aliwaimbia wakulima wa miwa, madiwani, watoto wachanga, na mzee mmoja aliyekuwa amegombana na kijiji kizima, ambaye hakuwa na mtu wa kumlilia isipokuwa yeye. Mtu akimwambia kwamba nyimbo zile ni za mtindo tu, za msimu, alijibu hivi: "Wimbo wa redio unausikia huku unakaanga samaki. Wa mazishini mtu anauchagua. Nimezika watu kwa nyimbo za mwaka sabini na moja mpaka mwaka elfu mbili na kumi na moja. Huo msimu gani usiokwisha?" Sisi tunasema alisema kweli. Nyimbo nyingine za miaka ile zimekwishasahauliwa hata na waliozirekodi, lakini Budai watoto wa shule wanazijua kwa sababu bibi na babu zao walipitishwa barabarani kwa sauti ya Guat-khim.

Tarehe 20 Desemba 1973 aliolewa na Bwana Khu Ban-seng huyo huyo, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuacha kumwuliza wakati wa kula kama angependa vijiko viwili. Walijaliwa mtoto wa kiume, Bun-tiong, na wa kike, Siok-lan. Muziki wa harusi ulipigwa na bendi yao. Kwa upande wa kwao alikuja mama yake tu, na kuku wawili. Mzee Thian-su hakuja.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo mlio wengi mnalijua. Kwa mila zetu, anayetembea na jeneza hualikwa msibani kwa heshima na harusini haalikwi kabisa, watu wanaogopa mkosi. Kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa Mwalimu Bing-tong wa Xinying, alipooa mwaka 1976 katika nyumba ya mkuu wa shule, aliona haya kusema dada yake anafanya kazi gani. Aliwaambia wakwe kwamba anauza vitambaa Tainan. Mwalimu ameyapitia maandishi haya na ameruhusu yasomwe. Hakufuta kitu, amerekebisha tahajia tu.

Uongo una kazi zake. Mama mkwe wake alisema, "Vizuri, basi mwambie dada yako aniletee cha maua madogo." Shangazi alipopata ujumbe huo alipanda basi hadi Tainan, akachagua kitambaa, akaenda nacho Xinying na futi ya fundi imening'inia shingoni. "Mama, hiki ndicho kinachotoka sana msimu huu," alisema bila kupepesa jicho. Alifanya hivyo kwa miaka mingi ili kaka yake asionekane mwongo. Alipoingia nyumbani kwa Mwalimu, salamu yake ilikuwa, "Kaka, leo nauza nini, hariri au pamba?" Mama mkwe naye, alipokuwa mzee sana, alikuja kukiri kwamba alijua tangu mwanzo, kwa kuwa alimsikia akiimba Yanshui. "Nilinyamaza," alisema, "kwa sababu binti yule alijua kuchagua kitambaa."

Shangazi aliyacheka hayo, nasi tuliyacheka pamoja naye. Lipo moja ambalo hakulicheka. Mzee Thian-su alifariki tarehe 6 Machi 1984. Mwalimu aliajiri bendi ya mbali ili dada yake asionekane kazini, na siku ya kutoa jeneza kiongozi wa bendi hiyo alimtambua katikati ya wafiwa, amevaa kofia ya gunia kama mabinti wote. Akamnyooshea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Dada Guat-khim, huyu ni baba yako. Mimi nitaimbaje na wewe upo?"

Akakipokea. Mwalimu akamshika mkono.

"Khim, si leo. Wageni wa shule wapo."

Alikirudisha. Hakubishana, hakununa. Alipiga magoti, akafunika uso, akamlilia baba yake kama binti yeyote. Njiani kurudi Yizhu alimwambia mumewe maneno ambayo watoto wake, waliokuwa wamekaa nyuma, hawajayasahau: "Nimewaimbia baba za watu wote wa Chiayi. Wangu nimemzika kimya." Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Shangazi yetu alitunzwa kwa watu, kwao hakutunzwa, na jambo hilo lilimuuma kwa miaka karibu arobaini.

Bwana Khu alifariki mwaka 2014. Shangazi alimwimbia mwenyewe mumewe, beti zote, na dawa pia, na watu walicheka na kulia kwa pamoja.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa hospitali mjini Chiayi. Mwalimu alifika na uji wa wali na viazi vitamu. Walizoea kuzungumza habari za hali ya hewa, lakini siku hiyo mgonjwa alianza na jingine.

"Kaka, 'Pita Polepole' unaujua?"

"Nausikia tu."

"Uimbe."

"Hapa? Kuna wagonjwa, Khim."

"Mgonjwa si ndiye mimi? Imba."

Mwalimu aliimba mistari miwili. Shangazi alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mashine.

"Umeanzia ghorofani, Kaka. Shuka chini. Halafu unaimba Kitaiwani kama unasoma notisi ya ofisini."

Mwalimu hakucheka. Alishika kijiko cha uji, akasema, "Khim. Ile siku ya baba."

"Eeh."

"Nilikukosea."

"Ulinikosea sana," Shangazi alisema. "Sasa rudia ubeti wa kwanza."

Tangu hapo Mwalimu alikwenda Yizhu kila wiki kufundishwa, yeye aliyefundisha watoto wa watu miaka yote ile. Mwalimu wake hakuwa mpole. Alimkatiza, alimwiga, alimwambia kwamba hata chaza wangeimba vizuri zaidi wakifunguliwa midomo. Nyumbani Xinying alifanya mazoezi bafuni, mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu anaumwa jino. Mkewe, Bi. Lau Siu-ing, alimjibu, "Hapana, kuna mtu anajifunza kuwa kaka."

Kiangazi cha mwaka huu hali ilibadilika. Shangazi alikataa kurudi hospitali. Alifariki nyumbani kwake Yizhu asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023, wanawe wote wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Aliacha maagizo machache. Chakula kiwe cha kutosha, chaza wakaangwe na mayai na wasiwe wadogo. Bendi iwe ya kwake mwenyewe, ambayo sasa inaongozwa na binti yake. Na kuhusu mwimbaji alimwagiza mtu mmoja tu, akamwambia asikatae.

Ameacha mwanawe Khu Bun-tiong na mkewe, binti yake Khu Siok-lan na mumewe, wajukuu watano, wifi yake Bi. Lau Siu-ing, wapwa, na wanabendi ambao wengi walijifunza noti mezani kwake. Ameacha pia kaka yake, Mwalimu mstaafu Tsua Bing-tong, mwenye umri wa miaka sabini na sita, ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu. Wageni wa shule wapo, tumewaona, karibuni sana. Jeneza litakapoinuliwa, Mwalimu atatangulia mbele yake na kipaza sauti, na ataimba beti zote tatu za "Pita Polepole". Hana sauti nzuri. Atakosea, na huenda akakwama. Ameomba jambo moja kwenu, nasi tunalisoma kama alivyoliandika: "Tafadhali msinisaidie."

Mwimbaji wetu apumzike kwa amani.