Hermelinda, Aliyelitimua Wingu la El Sabino

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Obdulia, mdogo wake wa mwisho, nitawasomea maisha ya dada yetu.

Hermelinda Trejo Ochoa alizaliwa tarehe 13 Aprili 1951 hapa El Sabino, jimbo la Querétaro, Mexico, akasoma hapa hapa hadi darasa la nne, akaachishwa ili atulee sisi wadogo zake, kisha akaanza kuoka na kuuza mikate mwaka 1968, akafunga ndoa na marehemu Fidencio tarehe 2 Februari 1972, wakajaliwa watoto watatu, Nicanor, Amparo na Lucio.

Mwaka 2021 kampuni moja ilitutangazia kwamba inatuletea wingu, nasi, ukame ukiwa umetubana hadi kooni, tulishangilia kweli kweli, na tarehe 15 Mei tukambeba Mtakatifu Isidro, mwombezi wetu wa mvua, kwa tarumbeta na fataki hadi kwenye kiwanja chao, tukakibariki, Hermelinda akiwa mbele na mshumaa. Hapo akamuuliza kijana wa kampuni, "Mwanangu, hilo wingu lenu litanyesha lini?" Kijana akacheka hadi akashika mbavu, "Bibi, halinyeshi, wingu ni jina tu, ni jumba la kompyuta za akili mnemba, tena lenyewe ndilo linalokunywa maji, ya kupozea mitambo." Alipoulizwa maji ya wapi, akaonyesha kisima chetu. Dada akazima mshumaa, akawageukia wabeba sanamu, "Jamani, mrudisheni mtakatifu nyumbani, tumembariki mwizi!"

Kesho yake alihamishia tanuri lake langoni pao, akina mama wa vijiji jirani wakaja na masufuria yao, lori la ujenzi likija linakuta maharage yako motoni katikati ya njia, na polisi walipomweka rumande alitoka akauliza tu kama unga umeumuka. Watu wa kampuni walituita washamba, wakachoka, na tarehe 9 Novemba 2023 serikali ikafuta kibali chao cha maji, wakafungasha.

Januari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, akaomba arudi nyumbani, na tarehe 4 Machi 2025 aliomba maji, nikampa ya kisimani, akanywa, akasema, "Bado matamu," akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, akina mama wa langoni, na Mtakatifu Isidro aliyetusamehe lile kosa. Kahawa inayowasubiri nje imechemshwa kwa maji ya kisima kile kile, asiondoke mtu hajanywa.

Dada Hermelinda, maji yapo. Pumzika kwa amani.