Gari Niliyoipenda Kwa Sababu Ilibeba Chumvi

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na ninyi wa kanisani mliokuja kukaa nasi leo, nawasalimu pia. Mwenyekiti amesema niseme kidogo. Mimi na kidogo hatujuani, kwa hiyo kaeni vizuri. Jina la mtu sitataja. Ukijisikia ndani ya maneno yangu, nyamaza tu, mimi nitapita.

Mimi ni muuza chumvi. Tangu miaka ya sitini nilikuwa naichukua ziwani Katwe na kuileta sokoni Bwera, nauza kwa bakuli. Mume wangu alikuwa polisi Kasese, dereva wa Landrova. Nyumbani namwita Afande mpaka leo, hata akiwa amekaa uani anaosha miguu. Tuliishi kambini pamoja na watu wa makabila yote, ndiyo maana Kiswahili changu kimekuwa hiki mnachokivumilia.

Siku Afande alipostaafishwa, tukakumbuka kwamba nyumba ya kambi si yetu. Ukitoka kazini, unatoka na kitanda chako. Ndugu zake wakaandika barua kutoka kwao Arua: rudini, tutawapa chumba nyuma ya nyumba. Mimi nikaona huko sina soko, sina chumvi, nitakuwa mtu wa kuomba sabuni kwa wifi. Nikamwambia Afande, "Hatuendi. Wewe unajua kuendesha, mimi najua kutafuta. Tutanunua gari, utabeba watu Bwera na Kasese."

Pesa yetu ilikuwa ya kustaafu kwake pamoja na ya chumvi yangu. Gari mpya tuliisalimia kwa mbali tu. Tukasema tutafute kuukuu ya Kijapani, saluni ndogo ya milango minne, kwa sababu petroli wakati huo ilikuwa ya kubembelezwa na gari zile zinakunywa kidogo.

Tukaipata Katwe. Rangi ya maziwa, imeng'arishwa, viti vimevikwa kitambaa kipya, na chini kapeti nyekundu. Afande akaizunguka mara mbili, akanivuta pembeni.

"Mama watoto, tungoje. Tulete fundi kutoka Kasese aiangalie."

"Fundi atataka chai," nikamwambia. "Na kosa atalitafuta hata mahali halipo."

Mwenye gari akanisikia. Akasema, "Mama, gari hii iko na nguvu. Miaka mitatu inabeba chumvi, haijalala njiani hata siku moja."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipokwisha. Mimi najua uzito wa gunia la chumvi, nimelibeba na shingo hii. Nikajisemea, chuma kinachobeba magunia yale kitanibebea watu bila kulalamika. Nikaipenda gari ile palepale, kwa sababu ya chumvi. Na hebu niwaulize ninyi mama wa soko: nani hapa anaweka jembe lake ndani ya stoo ya chumvi? Hakuna. Hata mimi kisu changu nilikuwa nakifunga kwenye kitambaa nakwenda nacho nyumbani, kisiliwe na kutu. Nililijua jambo hilo kuliko watu wote, na furaha ikanizuia kulikumbuka. Tukalipa siku ileile.

Miezi miwili tukala vizuri. Tukapanga nyumba ya vyumba viwili. Halafu asubuhi moja, mbele kidogo ya njia ya kwenda Karambi, gari ikaruka shimo dogo, na mama mmoja aliyekaa nyuma akapiga kelele. Mguu wake ulikuwa umepita chini. Kapeti ilipasuka, sakafu ikafunguka, kisigino cha mtu kikaburutwa barabarani mpaka Afande aliposimamisha.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Nilishuka, nikainua kapeti. Bati la chini lilikuwa limekwisha. Walichofanya ni kupaka lami nene juu ya kutu, wakafunika na nyekundu yao. Nikakwangua kwa kidole, nikaona unga mweupe pembeni. Sikuhitaji kuuliza ni nini, nimeuza kitu hicho nusu ya maisha yangu.

Nitawaambia na aibu yangu yote. Kabla ya kumwangalia yule mama, nilimgombeza Afande: "Kwa nini hukukwepa shimo?" Alikuwa amevua shati lake anafunga mguu wa mtu.

Kifundo kilikuwa kimevunjika. Kila Jumapili nilipanda kwake Karambi kumpalilia shamba na kumchotea maji, na mume wake hakunijibu salamu. Sikumlaumu. Stejini, pale tunapopakia abiria, watu wakawa wanaulizana, "Leo unapanda gari au unakimbia chini yake?" Hakuna aliyeingia tena. Nyumba ya vyumba viwili tukairudisha, tukahamia chumba kimoja nyuma ya soko, na barua ya Arua ikaja mara ya pili.

Sasa sikieni shetani anavyofanya kazi. Nikaona, kama mimi niliuziwa, kwa nini na mimi nisiuze? Nikamwita mtu akachomea vipande vya bati, akapaka lami mpya, nikanunua kapeti. Ndiyo, mimi. Ya bluu. Afande hakula chakula changu siku mbili.

Mnunuzi akatoka ng'ambo ya mpaka, mutu mupole, amekuja na mke wake. Mke alikuwa mja mzito. Bwana akazungusha injini, akafurahi.

"Mama, hii iko muzuri sana. Makaratasi iko?"

"Iko," nikasema.

Akafungua mlango wa nyuma, akamwambia mke wake aingie ajaribu kiti. Mama yule akavua viatu vyake kwanza, asichafue kapeti yangu. Akaweka nyayo zake pale, palepale, akanichekea.

Nikasema, "Shuka, dada. Shuka." Nikaing'oa kapeti kwa mikono miwili mbele yao. "Chini imeoza. Imekwisha kumuumiza mutu."

Bwana yule akauliza, "Mama, unaharibu biashara yako mwenyewe?"

"Ilikuwa imeharibika zamani," nikamjibu. Wakaenda zao. Nilikaa juu ya mawe nikalia kwa sauti, na jioni ile Afande akala.

Kesho yake tukaivuta gari mpaka Kasese kwa yule fundi niliyemnyima chai. Akaingia chini, akatoka, akasema, "Injini muzima kabisa. Bodi ndiyo maiti." Akakubali kununua injini na magurudumu. Nikamwambia nataka kitu kingine zaidi: anifundishe kuangalia gari. Akacheka. Nikamwambia acheke haraka amalize, kwa sababu Jumatatu nitakuwa hapa.

Misimu miwili nililima karanga Karusandara kwenye shamba la kukodi, na chumvi nikaibeba tena kwa kichwa. Kila Jumatatu nilikaa gereji. Nilijifunza kugusa boneti kabla ya kusalimiana na mwenye gari, kwa sababu anayeiwasha kabla hujafika ana jambo la kuficha. Nilijifunza kupitisha sumaku mlangoni, isiposhika ujue pale ni puti ya kuzibia, si bati. Nilijifunza moshi wa bluu wa injini inayokula oili, na bisibisi ya kudunga chini kutafuta kutu. La chumvi halikufundishwa na fundi. Hilo nililileta mimi.

Tulikataa gari tatu. Moja ilikuwa nzuri kwa macho tu, mpaka Afande akashika usukani kama bwana harusi, nikamwondoa. Ya nne ilikuwa Datsun ya karani mmoja wa Kasese, aliyekuwa akienda nayo ofisini na kurudi. Ilikuwa mbaya kwa sura! Rangi imepauka, mlango mmoja umebonyea. Boneti ilikuwa baridi. Fundi akadunga kila mahali, bisibisi ikarudi bila kupita. Mimi nikatoa kapeti zote, nikapitisha kidole kwenye pembe za bati, nikakilamba.

Karani akashtuka. "Mama, unakula gari yangu?"

"Naonja," nikamwambia. Ilikuwa vumbi, vumbi tamu la Kasese. Nikalamba na kwenye buti. Vumbi. Karani akasema kama tungengoja wiki angeipiga rangi ipendeze. Nikamwambia, "Tafadhali usiiguse, bwana. Nataka kuiona."

Tukaishusha Bwera, na stejini watu wakageuza nyuso. Nikatoa kapeti zote nikaziweka juu ya boneti, nikafungua milango minne, nikasema atakayepanda aje kwanza apige sakafu kwa mguu. Wakaja, wakapiga, wengine walipiga kwa hasira. Ile sakafu ikabaki sakafu. Saa nne gari ilikuwa imejaa. Mpaka leo inakwenda bila kapeti, na Arua tunakwenda kusalimia, halafu tunarudi kwetu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi, aliyepokea mtu aliyemdharau. Namshukuru mama wa Karambi, aliyesema amenisamehe wakati mguu bado unamuuma. Namshukuru yule dada wa ng'ambo aliyevua viatu. Afande, wewe simama wakuone. Haya, keti.

Ninyi mnaotafuta gari, msiulize imetembea kiasi gani. Ulizeni ilikuwa inabeba nini, halafu inueni kila kinachofunika. Msiponiamini mimi, kaulizeni mguu wa watu.

Na wewe uliyeniuzia ile ya rangi ya maziwa. Nimekuona tangu nilipoanza kusema, umekaa vizuri na kanzu yako nyeupe. Jina sikutaji, niliahidi. Lakini najua kuna gari nyingine nyumbani kwako, na kuna mtu anakuja kuiona kesho. Ameniomba niende naye.