Scolastica Niragira na Mashine Yake ya Kulalia (1963–2025)

Baba Paroko, viongozi wa kata yetu, wakwe zetu mliotoka Rulenge tangu alfajiri, majirani wa Nyantakara, tumsifu Yesu Kristo. Watoto wa marehemu waliniomba mimi, shangazi yao Petronila, niandike maneno haya na kuyasoma. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mkubwa wao, Anneth, aliniwekea kalamu mkononi akaondoka zake. Basi mtakayoyasikia ni maneno ya wifi, na wifi mnamjua alivyo.

Marehemu Scolastica Niragira alizaliwa Jumapili, tarehe 10 Februari 1963, Rulenge, wilayani Ngara. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Bizimana na mama Domisiana, wakulima wa kahawa na ndizi. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Scolastica, kwa hiyo wazazi hawakuhangaika kutafuta jina. Alibatizwa juma lililofuata katika parokia ya hapo hapo Rulenge.

Alisoma shule ya msingi Rulenge kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Nafasi ya sekondari hakupata, akaenda kujifunza ushonaji kwa masista kuanzia 1978 hadi 1980. Sista aliyemfundisha alimfumulisha kola ya shati moja mara saba. Wasichana wenzake walikuwa wanalia kwa kufumulishwa mara mbili tu. Yeye alipeleka ya nane ikiwa imenyooka, akamwuliza sista kama anayo nyingine. Hadithi hiyo tuliisikia kwa dada zake, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu.

Mwaka 1983 kaka yangu Marcel Luhende alimpeleka mama yetu hospitali Rulenge, akiwa huko suruali ikamchanika, akaelekezwa kwa fundi Scolastica. Tangu hapo suruali za Marcel zikawa zinachanika kila mwezi, na Biharamulo nzima hakukuwa na fundi wa kuzishona. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 27 Oktoba 1984. Mungu aliwajalia watoto watano. Wa pili alitangulia mbele ya haki mwaka 1989 akiwa bado mchanga.

Hapa Nyantakara marehemu alilima mahindi, maharage na mihogo, na cherehani yake haikuondoka barazani. Mwaka 1999 alianza kufuga nyuki, na mwaka 2006 alikusanya wanawake tisa wakaunda kikundi cha kurina asali. Kuna waliosema mwanamke hawezi kulala porini siku kumi na mbili. Scolastica hakubishana nao. Alishona mavazi tisa ya kujikinga na nyuki, pamoja na kofia zenye wavu, akawaambia wenzake kesho saa kumi na moja asubuhi tunaondoka. Sare nilizoziona hapa leo, mama zangu, ni mkono wake huo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapo lazima nijitaje.

Kuanzia mwaka 2011 hivi marehemu alianza kukoroma. Sisemi kukoroma kwa mtu aliyechoka. Nyumba ilikuwa inatetemeka, kisha ghafla kimya, pumzi hakuna, halafu anashtuka na kuhema kama mtu aliyetolewa majini. Kaka yangu alikesha miaka akimtingisha kila pumzi ilipokatika. Mchana marehemu alikuwa anasinzia, hata sindano mkononi. Sisi wengine tuliona ni uvivu wa uzee, tukacheka.

Agosti 2014 baba yetu, mzee Luhende, alifariki. Mnajua desturi: wanawake tunalala ndani pamoja, mkeka kwa mkeka, hadi siku ya kuanua tanga. Usiku ule hakuna aliyefumba jicho kwa sababu ya Scolastica. Asubuhi, mbele ya akina mama wote kwenye sufuria za uji, mimi nilisema kuwa wafiwa tumekesha tukilia ila wifi yetu amelala fofofo kama yuko harusini. Watu walicheka. Yeye aliendelea kukoroga uji.

Tangu siku hiyo hakulala tena kwenye msiba wa mtu. Alikuja asubuhi, akachota maji, akapika, na jua likianza kushuka akaaga. Watu wakaanza kusema Mama Anneth anaringa, anaogopa mikeka yetu. Kwenye kikundi cha kuzikana ilifika hatua ya kuulizana kama mtu asiyelala na wafiwa bado ni mwenzetu. Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Sababu nilikuwa naijua, nikakaa kimya, na leo naomba radhi mbele yenu.

Mwaka 2015 alitoka kuwasalimu ndugu zake Rulenge, akasinzia ndani ya basi. Nyakanazi alipopaswa kushuka ikapita, konda akidhani mama wa watu anasafiri mbali. Aliamka stendi ya Kahama. Alimpigia simu Marcel, na Marcel alipouliza Kahama amefuata nini, akamjibu kuwa amefuata usingizi. Tulicheka tena. Lakini Anneth, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Alisema mama angesinzia hivyo juu ya mzinga au mbele ya moto tungemzika.

Novemba 2016 Anneth alimpeleka Mwanza. Madaktari walimlaza usiku mmoja wakiwa wamemfunga nyaya kifuani na kidoleni, wakamweleza kuwa akilala koo linajifunga, na pumzi inakatika mara arobaini na moja kila saa. Moyo nao ulikuwa umeshachoka kwa shida hiyo. Dawa ya kumeza hakuna. Kuna kisanduku kinachosukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa ya puani ili koo lisijifunge, na atakivaa kila anapolala, maisha yake yote. Januari 2017 Anneth alikipata, kimetumika lakini kizima, na daktari akampangia nguvu ya hewa.

Alipoletewa, mimi nilimwuliza kama anakwenda kuchomelea mageti. Mdomo wangu huu. Wiki ya kwanza aliivua kila baada ya dakika chache, akasema anahisi anazama. Mtu mwingine angeirudisha kwenye boksi. Yeye alianza kuivaa mchana, amekaa barazani anachambua maharage, watoto wa jirani wamejipanga wanamtazama. Nusu saa, kesho saa nzima. Mkanda ulipomkwaruza shavu aliufumua akaushona upya kwa kitambaa laini. Kufika Kwaresima alikuwa analala nayo hadi asubuhi, na kaka yangu akalala kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Umeme nyumbani kwake haukuwa umefika. Alikwenda Nyakanazi kwa Hakizimana, fundi wa nyaya za malori, akamwekea mashine mezani na kumwambia inataka umeme ule ule wa betri ya lori. Fundi alipima, akamfungia waya wa moja kwa moja kwenye betri ya N70, na sola ya kuichaji. Alimfundisha pia kuzima sehemu inayopasha maji ndani ya mashine ili betri imfikishe usiku wa pili hata jua lisipotoka. Marehemu alirudi na betri mapajani juu ya pikipiki, amefurahi kweli.

Juni mwaka huo huo wanawake walijiandaa kwenda porini kurina. Kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alimwambia sasa apumzike. Alifunga betri kwenye baiskeli. Kule wanarina jua likizama nyuki wakiwa wamepoa, na kulala ni mchana, hivyo sola ilikaa juu ya hema na mashine ikafanya kazi vizuri. Siku ya tatu alikosea. Aliosha barakoa na mpira kwenye beseni lililochujiwa asali, akaanika, akavaa, akalala. Nyuki walifuata harufu hadi ndani ya mpira, na mmoja akamdunga mdomo wa juu. Speciosa, katibu wa kikundi, alitaka wamrudishe nyumbani siku hiyo hiyo. Scolastica, mdomo umevimba hadi maneno hayatoki vizuri, alichemsha maji akaosha kila kitu, akafunga uzi mwekundu kwenye beseni lake ili lisiguswe na asali tena, akahamisha hema mbali na moshi, akalala. Alimaliza siku zote kumi na mbili. Tangu hapo hakukosa msimu hata mmoja hadi mwaka jana.

Tarehe 6 Juni 2019 mume wangu Pancras alifariki ghafla shambani. Wakubwa mnakumbuka. Siku ile nilikuwa nimekaa chini sebuleni sijui mbele wala nyuma, jua linashuka, nikamwona Scolastica mlangoni. Nikajua amekuja kuaga kama kawaida yake. Nyuma yake dereva wa pikipiki alikuwa ameshika betri kwa mikono miwili. Alitandika mkeka wake ubavuni kwangu, akaiweka betri ukutani, akatoa mashine kwenye mfuko aliokuwa ameushona mwenyewe. Ndipo akaniambia:

"Wifi, nimekuja kulala."

Akavaa barakoa mbele ya watu wote, hata wale waliokuwa wananong'ona kuwa anawekewa oksijeni, akajinyoosha, akanishika mkono. Mashine ile haina kelele. Inavuma taratibu tu. Sikutegemea kulala usiku ule. Nililala kwa sauti ile. Alibaki nami siku zote hadi tanga likaanuliwa, akichaji betri kwenye sola ya jirani mchana. Baada ya hapo hakuna msiba hapa Nyantakara ambao Scolastica hakulala, na swali la kikundi halikuulizwa tena.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikivimba. Alilazwa hospitali mara mbili, na zote mbili alikwenda na mashine yake. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, akiwa macho, mkono wake ukiwa mikononi mwa Marcel. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Nimesikia wanaosema mashine ndiyo imemmaliza. Nayasema haya mbele ya kaburi lake. Daktari alitueleza kuwa moyo uliharibika miaka ile alipokuwa anakatika pumzi na sisi tunacheka. Mashine ilimpa miaka minane ya kurina, kushona na kulala na wenzake. Na yeyote hapa ambaye mke wake au mume wake anakoroma kisha ananyamaza, asicheke. Ampeleke hospitali.

Marehemu ameacha mume, Marcel Luhende; watoto wanne, Anneth, Gaudence, Priscila na Ngassa; wajukuu tisa; dada wawili na kaka mmoja walioko Rulenge; wanawake wa kikundi chake; na wifi mmoja. Mashine yake ameagiza mwenyewe: Anneth ataipeleka kwa daktari ipangwe upya, kisha apewe mama mmoja wa Rulenge ambaye daktari amemwandikia mashine na hana.

Usiku wa kuamkia leo mwili wake ulikuwa sebuleni, na akina mama tulijaa ndani. Hapakuwa na mashine iliyovuma. Nilitandika mkeka wangu ubavuni mwa jeneza, nikaweka mkono juu ya mbao, nikamwambia, "Wifi, nimekuja kulala." Nikalala pale hadi kulipokucha.

Mungu ampokee. Alale salama Scolastica wetu, bila betri wala mpira, na pumzi yake isikatike tena.